Nyongo, vijiwe vyake na maumivu ya baada ya karamu



Kila mmoja wetu amewahi kupasua kuku akiwa msichana, huku mama au nyanya amesimama nyuma yake akisema: angalia nyongo! Ni kifuko kidogo cha kijani kilichojishika chini ya ini. Kisu kikikigusa, maji yake yanamwagika kwenye nyama, na hata uoshe mara tano uchungu hautoki. Ndiyo maana jambo likiharibika watu wanasema limetumbukia nyongo, na mtu asiyesamehe tunasema ana nyongo moyoni. Basi tumekua tukijua kitu kimoja tu juu ya nyongo: ni chungu, itupwe. Hakuna aliyetuambia ile ya kuku ilikuwa inamfanyia kuku kazi gani, wala hii yetu inatufanyia nini.

Mama prezida alituomba sisi walimu tuandike habari hii kwa sababu swali lake lilirudi mara mbili katika kikundi: kwa nini kuna watu ambao wakila vizuri kwenye sherehe, usiku hawalali kwa maumivu, na asubuhi wanasema wamelishwa kitu? Mara ya pili swali lilipoulizwa, wengine walicheka na wengine walinyamaza kabisa. Waliokuwepo wanajua kwa nini walinyamaza. Kwa hiyo tumefungua tena madaftari yetu ya biolojia, tukawauliza na wauguzi tunaowaamini, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Darasani tunawaonyesha watoto hivi. Tunachukua bilauri ya maji, tunatia kijiko cha mafuta ya mawese. Ukoroge utakavyo, mafuta yanarudi juu. Kisha tunatia sabuni kidogo ya unga na kukoroga tena: mafuta yanavunjika kuwa matone madogo sana, yanachanganyika na maji. Nyongo inafanya kazi hiyo hiyo ndani ya tumbo. Mafuta ya sombe, ya nyama ya mbuzi, ya sambaza za kukaanga, yote yangepita utumboni yakiwa madonge kama nyongo isingekuwepo ya kuyavunja. Mwili usingeyapata, wala usingepata vitamini zinazosafiri ndani ya mafuta, kama ile vitamini A ambayo mwili unaitengeneza kutoka rangi nyekundu ya mawese yetu. Huko Ulaya mpaka leo wanauza sabuni iliyotiwa nyongo ya ng'ombe, ya kuondoa madoa ya mafuta kwenye nguo. Watoto wakisikia hivyo wanakunja uso, lakini somo hawalisahau tena.

Ini ndilo linalotengeneza nyongo, mchana na usiku, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Kifuko chenyewe hakitengenezi kitu, ni ghala tu. Cha mtu mzima kina urefu kama wa kidole na kinabeba mililita 30 hadi 50, yaani vijiko vichache vya supu. Nyongo ikiingia humo inapunguzwa maji mpaka inakuwa nzito mara nyingi kuliko ilivyotoka kwenye ini. Halafu tunakula. Mafuta ya chakula yakifika kwenye utumbo mdogo, utumbo unapeleka ujumbe kupitia damu, homoni inayoitwa kolesistokinini (jina refu, wanafunzi wetu wanalichukia), na kifuko kinajikaza, kinasukuma nyongo itoke kupitia mrija mwembamba. Mlishike hilo, wamama: mafuta ya chakula ndiyo yanayokiamuru kifuko kijikaze. Tutalihitaji baadaye.

Rangi ya nyongo inatoka kwenye damu. Chembe nyekundu za damu zinaishi siku 120 hivi, kisha zinavunjwa, na takataka yake, bilirubini, ini linaitupa ndani ya nyongo. Hata rangi ya kahawia ya choo chetu ni hiyo bilirubini iliyobadilika njiani. Kwa hiyo mrija wa nyongo ukizibwa, rangi inakosa njia: choo kinakuwa cheupe kama udongo wa kupaka ukuta, mkojo unakuwa kama chai kali, na macho yanageuka manjano. Anayemwuguza mgonjwa nyumbani anaziona dalili hizo kabla ya daktari, na mara nyingi anayemwuguza ni sisi.

Sasa vijiwe. Nyongo imebeba vitu vilivyoyeyuka ndani yake, kama maji yaliyobeba chumvi. Kitu kimoja kikizidi, au nyongo ikikaa muda mrefu bila kutoka, kinaanza kuganda: kwanza kama tope, halafu kama mchanga, halafu jiwe. Vingine vinatokana na mafuta yanayoitwa kolesteroli na vina rangi ya manjano. Vingine vinatokana na ile bilirubini na ni vyeusi au kahawia. Mtu anaweza kuwa na kimoja, anaweza kuwa na vingi, vidogo kama punje za mtama.

Kitambo, madaktari wazungu waliofanya kazi Afrika walisema vijiwe hivi ni nadra kwetu. Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Uganda mpaka miaka ya 1960, alilisema sana jambo hilo, na alifikiri kinga ilikuwa katika vyakula vya kijijini vyenye makapi mengi. Hatupingi sifa ya maharagwe na mboga. Lakini siku zile vijijini hakukuwa na mashine ya ekografi ya kuangalia ndani ya tumbo, na inawezekana kabisa kwamba vijiwe vingi vilizikwa na wenyewe bila mtu yeyote kujua. Na leo tunakula tofauti: mafuta ya kupikia ya duka, soda, mandazi asubuhi na jioni.

Wanawake tunavipata kuliko wanaume, na sababu iko katika uzazi wetu. Homoni ya kike, estrojeni, inalifanya ini litie kolesteroli zaidi ndani ya nyongo. Wakati wa mimba homoni nyingine, projesteroni, inakifanya kifuko kiwe kivivu, hakijikazi vizuri, na nyongo inalala humo. Kwa hiyo aliyebeba mimba sita amepita katika hali hiyo mara sita. Tope la wakati wa mimba mara nyingi linaondoka lenyewe baada ya kujifungua, lakini si kwa kila mtu. Kuna mama atauliza kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango. Vyenye estrojeni vinaweza kuongeza hatari kidogo, lakini ni kidogo, na hatuandiki haya ili mtu aviache. Azungumze na muuguzi. Unene nao unaongeza, na pia kukonda kwa ghafula, na kufunga chakula kwa siku nyingi mfululizo, kwa sababu kifuko kisichoamriwa na chakula hakijikazi. Wanaofunga kwa sala siku ishirini na moja watatusamehe, tumesema tu jinsi mwili ulivyo.

Kuna njia nyingine tatu za vijiwe ambazo zinatuhusu hapa kwetu zaidi kuliko Ulaya. Ya kwanza ni watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita anemia SS. Kongo ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao. Chembe zao za damu haziishi siku 120. Zinavunjika baada ya siku 10 hadi 20. Hebu fikirini bilirubini inayomiminwa ndani ya nyongo yao. Ndiyo maana mtoto wa SS anaweza kuwa na vijiwe vyeusi akiwa bado wa shule ya msingi, wakati mtu mzima wa mlango wa pili hana. Mama wa mtoto kama huyo akisikia mwanawe analalamika tumbo, asiseme moja kwa moja ni maumivu ya mifupa yameshuka.

Ya pili ni minyoo. Mnyoo mrefu wa askari, ule mweupe kama tambi ambao sisi wote tumeuona, unapenda kutangatanga, na mara nyingine unapanda kutoka utumboni na kuingia ndani ya mrija wa nyongo. Ukifia humo, jiwe linajijenga juu ya mzoga wake. Kwa hiyo ile dawa ya minyoo ya shuleni, ambayo wazazi wengine wanaiona kama usumbufu, inalinda hata nyongo.

Ya tatu ni homa ya matumbo, tifoidi, na hii inakwenda upande mwingine: jiwe ndilo linaloilinda tifoidi. Vijidudu vyake vinajificha juu ya vijiwe ndani ya kifuko, na mtu aliyepona anaendelea kuvitoa kwenye choo kwa miaka bila kuumwa. Aliyejulikana kuliko wote ni Mary Mallon, mpishi mwenye asili ya Ireland katika mji wa New York, ambaye mwenyewe hakuwa mgonjwa ila nyumba alizopikia zilikuwa zinaugua. Walimfungia mara ya kwanza mwaka 1907, wakamwachilia, wakamfungia tena mpaka kifo chake mwaka 1938. Alikataa siku zote kwamba yeye ndiye chanzo, na kweli, nani angekubali? Kunawa mikono kabla ya kushika chakula ni habari ya nyongo pia.

Turudi kwenye karamu. Watu wengi wenye vijiwe hawasikii kitu maisha yao yote, navyo havihitaji dawa. Shida inaanza jiwe likikaa mlangoni mwa kifuko. Kifuko kikiamriwa na mafuta, kinajikaza juu ya mlango uliofungwa. Maumivu yanakuja upande wa kuume chini ya mbavu, au katikati juu ya kitovu, yanaweza kupita mpaka mgongoni au kwenye bega la kuume. Yanakuja saa moja au zaidi baada ya kula, mara nyingi usiku, yanakaa nusu saa au saa kadhaa, halafu yanakwenda kama vile hakuna kilichotokea. Kutapika kunakuwepo mara nyingi.

Na sisi hapa tunakula mafuta mengi lini? Nyumbani ni bugali, maharagwe na sombe yenye mafuta ya kuhesabu. Nyama ya kukaanga na wali wenye mafuta tunavikuta kwenye arusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, na kwenye kuondoa matanga. Yaani tunavikuta kwa mtu mwingine, vikiwa vimepikwa na mkono wa mtu mwingine. Unakula, unarudi nyumbani, na usiku tumbo linakushika. Kila kitu kinamwonyesha mwenye karamu kwa kidole. Jina la karuho linatamkwa kabla ya jogoo kuwika.

Mama mmoja wa kikundi chetu ametupa ruhusa tueleze yake bila jina. Kwa miaka miwili aliumwa hivyo. Katika kituo kimoja cha afya alitibiwa tifoidi mara tatu, kila mara bila ekografi. Mara ya mwisho maumivu yalimshika usiku baada ya komunyo ya mtoto wa mulamu wake, na ukoo ukaamua: amelishwa. Wakampeleka kwa mtu anayetapisha karuho. Alitapika siku mbili, akatapika maji ya kijani machungu, na yule mtu akawaonyesha watu wa ukoo: mnaona, sumu ndiyo hiyo. Wamama, yale maji ya kijani ni nyongo. Mtu yeyote akitapika tumbo likiwa tupu ataitoa, hata sisi, hata mtapishaji mwenyewe.

Kwa miezi saba nyumba zile mbili hazikuazimana hata chumvi. Watoto walikatazwa kuchota maji pamoja. Mulamu wake aliacha kuja kanisani kwa sababu watu walikuwa wanahama benchi. Kisha macho ya mgonjwa yakageuka manjano, homa ikapanda, mkojo ukawa kama chai, na safari hii mume wake alimpandisha pikipiki moja kwa moja mpaka hospitali. Ekografi ilionyesha kifuko kilichojaa vijiwe na kimoja kimeshuka kwenye mrija. Alipasuliwa, akapona, na vijiwe alipewa ndani ya kichupa. Tumeviona sote kwenye mkutano, kumi na vitatu, kama mahindi yaliyokauka. Yeye na mulamu wake sasa wanasalimiana. Kula pamoja bado.

Tunaandika haya bila kucheka mtu. Tunaishi mahali ambapo watu wamefukuzwa vijijini, na wengine wameuawa, kwa neno hilo moja la karuho. Hatusemi kwamba hakuna mtu duniani anayetia sumu. Tunasema maumivu yanayorudi kila baada ya mafuta, yanayokaa upande wa kuume na kwenda yenyewe, yana maelezo ambayo ekografi ya dakika chache inaweza kuyaonyesha.

Na nyongo yenyewe imewahi kushtakiwa kuwa sumu, mbele ya dunia nzima. Mwezi wa kwanza mwaka 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu walikunywa pombe ya mahindi kwenye mazishi. Walikufa 75, na zaidi ya mia moja waliugua. Siku ile ile ilisemwa kwamba mtu ametia nyongo ya mamba ndani ya pipa, kwa kuwa pande zile, kama pande nyingi za Afrika, watu wanaamini nyongo ya mamba inaua. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalibeba habari hiyo hivyo hivyo. Baadaye maabara ilichunguza pombe ile ikakuta sumu inayoitwa asidi ya bongkreki, inayotengenezwa na bakteria ndani ya unga wa mahindi ulioharibika. Hakuna mamba, hakuna adui. Mama aliyepika pombe ile alikufa naye pamoja na wageni wake. Tukifikiria jinsi jina lake lingesemwa kama angebaki hai, mwili unasisimka. Na sisi tunaopika kasiksi na pombe ya mtama, na tunaotunza unga wa mahindi msimu wa mvua, tukumbuke kwamba unga ulioingia ukungu haupewi hata mgeni wala nguruwe.

Nyongo ya mnyama isinywewe kama dawa, hilo nalo tuliseme. Nyongo ya samaki wa aina fulani imewaharibu watu figo huko Asia.

Lini kukimbia hospitali? Maumivu yakipita saa tano au sita bila kuachia. Yakija na homa na kutetemeka. Macho yakiwa manjano. Choo kikiwa cheupe na mkojo mweusi. Hapo kifuko kimeoza au mrija umezibwa, au kongosho limeshikwa, na kungoja mpaka siku ya soko kunaua. Mama mjamzito asiambiwe tu ni mtoto anapiga teke. Hapa Katana tuna hospitali ya FOMULAC, ambayo herufi zake zinatoka kwenye jina la wakfu wa tiba wa Chuo Kikuu cha Louvain ulioianzisha wakati wa Wabelgiji. Wengi wetu tumezaliwa humo. Ukifika hospitali yoyote, eleza mambo manne: maumivu yako wapi, yalianza saa ngapi baada ya chakula, ulikula nini, na yamekurudia mara ngapi. Halafu uliza kwa adabu: daktari, tunaweza kufanya ekografi ya ini na nyongo? Vipimo vya tifoidi vya damu vinadanganya mara nyingi, hata wauguzi wetu wanakiri.

Kuna dawa inayosifiwa sana siku hizi: kunywa mafuta mengi na maji ya ndimu usiku, na asubuhi unaona vitu vya kijani kwenye choo, wanasema ndivyo vijiwe. Madaktari wa New Zealand walipima vitu vile mwaka 2005 na kukuta ni sabuni iliyojitengeneza tumboni kutokana na mafuta yale yale na ndimu. Na kwa mtu mwenye jiwe mlangoni, kumeza mafuta mengi kwa mara moja ni kuamuru kifuko kijikaze kwa nguvu zote. Mmeshajua matokeo.

Vijiwe vinavyoumiza vinatolewa pamoja na kifuko chake. Upasuaji huo Carl Langenbuch aliufanya Berlin mwaka 1882, na tangu mwaka 1985 kuna njia ya kupitia matundu madogo, pale penye vifaa. Mtu anaishi vizuri bila kifuko. Ini linaendelea kutengeneza nyongo, nayo inadondoka moja kwa moja utumboni. Miezi ya kwanza ale mafuta kidogo kidogo, asirudi siku ya kwanza kwenye nyama ya kukaanga.

Kinachobaki ni pesa, kwa sababu wengi wanachelewa hapo. Walio kwenye mituweli ya afya waulize kabla ya kuumwa kama ekografi na upasuaji vinalipiwa, na kwa kiasi gani, maana karatasi hizo tunazisaini bila kuzisoma. Kwa wasio nayo, kikundi kimekubali kutenga sehemu ya faini za wanaochelewa kwenye likelemba iwe mkopo wa ekografi bila riba, urudishwe katika miezi mitatu. Wenye watoto wa SS wanatangulizwa. Majina yanaandikwa kwa mama mhazini, na nauli ya pikipiki kila mmoja anajilipia.